Robo Wakia ya Karafuu: Tangazo la Chakula la Mwaka 1927 na Lebo Zetu za Leo

(Wale ambao hamkuwahi kikao cha wasindikaji wa viungo Jumamosi, mmenisumbua sana inbox, haya hii hapa hotuba yote. Nimeiandika kama nilivyoiongea, picha za ukutani nimeziacha, nimeelezea kwa maneno. Vicheko jazeni wenyewe.)

Asalaam aleikum mama zangu, dada zangu, na nyie wanaume wachache mliojibanza kule nyuma karibu na feni. Habari za asubuhi.

Nimeitwa hapa kama mtu wa lebo. Wengi wenu mnanijua, ndo mimi mnayenitumia wasapu usiku saa nne, "kaka nifanyie lebo ya iliki, kesho asubuhi naipeleka dukani". Na kila mara nawauliza swali moja, lebo iseme nini? Mnanijibu, iseme nzuri nzuri. Sasa leo nataka tuongee hiyo nzuri nzuri. Nzuri nzuri inatengenezwaje? Nani anaitengeneza? Na ikishatengenezwa inamfanya nini mtu anayeisoma?

Sitaanza na matangazo ya siku hizi, kwa sababu ya siku hizi yanatushika na sisi wenyewe, huwezi kuyaona vizuri. Tangazo la zamani ndo darasa zuri, lile halikuuzii tena kitu, unaweza kulivua nguo moja moja ukaona lilivaa nini.

Hebu nyoosheni mikono, nani hapa anafungasha karafuu? ... Mashallah, karibu nusu ya ukumbi. Basi hili tangazo lenu kabisa. Ni bango la Uingereza, chimbuko lake ni Krismasi ya mwaka 1927, enzi za Mfalme George wa tano. Linatangaza pudding ya Krismasi, ile keki nzito nyeusi wanayoichemsha wenzetu. Kichwa chake kinasema, Pudding ya Krismasi ya Himaya. Chini yake limeandikwa kwamba hii ni resipi ya mpishi wa Mfalme, Bwana Cédard, imetolewa kwa ridhaa na hisani ya Mfalme na Malkia. Halafu inakuja orodha ya vitu, na mbele ya kila kitu jina la nchi. Ngoja niwasomee taratibu, wazee wa ratili na wakia mtanielewa, vijana mtauliza nyumbani.

Zabibu kavu nyeusi ndogo, ratili moja, Australia. Zabibu kavu nyeupe, ratili moja, Australia. Zabibu kavu kubwa zilizotolewa kokwa, ratili moja, Afrika Kusini. Epo la kukatakata, wakia tano, Canada. Chenga za mkate, ratili moja, Uingereza. Shahamu ya ng'ombe, ratili moja, New Zealand. Maganda ya machungwa ya sukari, Afrika Kusini. Unga, Uingereza. Sukari, visiwa vya West Indies. Mayai matano, Ireland. Mdalasini nusu wakia, Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo. Karafuu ya kusaga, robo wakia...

Haya, semeni wenyewe. Wapi?

(Ukumbi mzima: Zanzibar!)

Zanzibar! Robo wakia. Hiyo ni kama gramu saba. Inaendelea, kungumanga kutoka Straits Settlements, yaani Singapore, Penang na Malacca, mchanganyiko wa viungo kutoka India, brandi ya Cyprus kijiko kimoja, rum ya Jamaica vijiko viwili, na bia ya zamani painti moja kutoka England. Vitu kumi na saba jumla. Mama mmoja hapa mbele kashaanza kukunja uso, ndiyo mama, brandi, rum na bia. Tutarudi hapo, usiondoke.

Sasa swali. Hili bango linauza nini?

Pudding? Hapana, pudding huwezi kuinunua hapo, unatakiwa uipike mwenyewe. Karafuu? Gramu saba kwa mwaka kwa nyumba, nani atatajirika. Zabibu? Hapo unakaribia. Lakini tangazo lenyewe halisemi nunua zabibu. Halina bei, halina duka, halina jina la kampuni. Ni tangazo linaloonekana kama zawadi, yaani mfalme kakupa resipi yake, wewe mke wa karani wa Manchester, mfalme anakupa resipi ya jikoni kwake. Ungekataa?

Kuna historia nyuma yake na lazima niiseme kwa sababu bila hiyo bango halieleweki. Miaka ile wakulima wa zabibu wa Australia, wengi wao askari waliorudi kutoka vita kuu ya kwanza wakapewa mashamba, walikuwa wanavuna zabibu nyingi na soko hawana. Uingereza ilikuwa inanunua zabibu kavu za Ugiriki, Uturuki na California, bei nafuu na watu wameshazizoea. Wanasiasa wengine wakasema tuweke ushuru kwenye vyakula vya nje ya himaya. Mwaka 1923 chama cha Conservative kikaenda kwenye uchaguzi na hoja ya ushuru, kikapoteza wingi wake bungeni, wapiga kura waliogopa chakula kupanda bei. Basi ushuru ukashindikana. Wafanyeje? Mwaka 1926 wakaunda bodi, Empire Marketing Board, wakaipangia paundi milioni moja kwa mwaka, kazi yake kuwashawishi watu wanunue bidhaa za himaya kwa hiari yao. Mabango kama hili letu la pudding, maonyesho, vipeperushi, mpaka filamu. Ndugu zangu mmeona hapo? Kilichoshindikana kwa sheria kikahamishiwa kwenye karatasi ya rangi. Na mwaka 1932 nchi za himaya zilipokutana Ottawa, Canada, zikakubaliana mambo ya ushuru wa upendeleo, mwaka uliofuata 1933 bodi ikafungwa. Sheria imepatikana, mabango ya nini tena.

Kwa hiyo mkiona mtu anakubembeleza kwa maneno matamu sana jiulizeni, kipi ambacho hawezi kukulazimisha?

Haya turudi kwenye maneno yenyewe, hapa ndo nataka tukae.

La kwanza, mpishi wa Mfalme. Kwa nini wasiseme tu "resipi nzuri ya pudding"? Kwa sababu jina la mkubwa linafunga mjadala. Mama wa Kiingereza ana resipi ya bibi yake, inatoka vizazi, haibadilishi kwa sababu karani wa serikali kamwambia. Lakini ya mfalme? Na wakaongeza ile "kwa ridhaa na hisani", maana yake mfalme hakulipwa, mfalme hauzi kitu, mfalme anakirimu tu. Hii mbinu iko hai mpaka leo, mnaiona kila siku, fulani msanii anakunywa hii, fulani shekhe anatumia hii. Kichekesho kimoja, huyo mpishi Cédard ni Mfaransa. Pudding ya kizalendo kuliko zote imesainiwa na Mfaransa na hakuna aliyeona ajabu.

La pili, ule mpangilio. Hii mimi kama mtu wa dizaini inanipa raha na inanipa hasira kwa pamoja. Kila kitu mstari wake, kila nchi mstari wake, herufi saizi moja. Uingereza mstari mmoja, Zanzibar mstari mmoja. Ukitazama haraka haraka unaona usawa, unaona familia imekaa mezani kila mmoja kaleta chake. Hakuna neno hata moja linalosema sisi ni familia. Wala hawakuhitaji kulisema, jedwali limesema. Na ukishalipika hilo pudding ukakoroga, vyote vinakuwa kitu kimoja, huwezi tena kutoa mdalasini wa Ceylon kwenye shahamu ya New Zealand. Yaani siasa nzima ya himaya imefanywa kuwa kitendo cha mama kushika mwiko. Aliyefikiria hivi alikuwa na akili nyingi, tukubali.

Sasa itazameni tena hiyo familia. Mayai matano kutoka Ireland. Ireland hiyohiyo ilipigana vita na Mwingereza kuanzia 1919 mpaka 1921, watu wamekufa, Dublin na Cork zimechomwa moto, mwaka 1922 wakapata dola yao. Miaka mitano baadaye wako kwenye pudding na mayai matano kama hakuna kilichotokea! Orodha ya vyakula haina kumbukumbu jamani. Ukiandika "mayai, Ireland" umefuta vita.

Na sisi je? "Karafuu, Zanzibar." Sawa, tuifungue hiyo.

Karafuu kwanza asili yake si hapa, ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, huku imekuja karne ya 19 mwanzoni, na Seyyid Said ndo aliyeisukuma khasa mpaka Unguja na Pemba zikawa mashamba matupu ya mikarafuu. Ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Serikali ya ulinzi ya Mwingereza ilianza 1890, utumwa ukaja kufutwa kisheria 1897. Sasa fanyeni hesabu, kutoka 1897 mpaka pudding ya 1927 ni miaka thelathini. Maana yake wakati mama wa London anapima robo wakia yake, hapa visiwani walikuwepo watu wazima, wana nguvu zao bado, waliozaliwa watumwa kwenye shamba la karafuu. Hao hawamo kwenye bango.

Na nani mwingine hayumo? Mchumaji. Nyie wa Pemba mnajua kuliko mimi. Karafuu inachumwa ingali tumba, ikishafunguka maua imeharibika, kwa hiyo msimu ukija ni mbio, watu juu ya mikarafuu mirefu, matawi yake yanavunjika kirahisi, watu wanaanguka. Ikishushwa inakaa chini inachambuliwa kwenye makonyo, vile vijiti vinavyoshika tumba, usiku mpaka mikono inanuka na macho yanawasha, halafu majamvini, jua, mvua ikitishia unakimbia kukusanya. Miaka ile mchumaji alikuwa analipwa kwa pishi. Walikuja watu kutoka kusini Unguja, walivuka Wanyamwezi kutoka bara, msimu ukiisha wanarudi. Na wenye mashamba nao wengi walikuwa na madeni shingoni, karafuu iko mtini bado na tayari ni ya mwenye kukopesha. Mwaka huohuo wa 1927 ndo kikaundwa hapa chama cha wakulima wa karafuu, kutafuta namna ya kuupunguza huo mzigo wa gharama za uchumaji na mikopo. Mwaka uleule! Huku watu wanahangaika na bei ya kuchuma, kule karafuu imekaa kwenye mstari wake safi kabisa, imeshasagwa.

Neno "imeshasagwa" lipigieni mstari. Bango linasema karafuu ya kusaga. Haina konyo, haina jamvi, haina mtu.

Na sasa namrudia mama yangu wa mbele aliyekunja uso. Wakubwa wa bodi walisema hii ni pudding ya himaya, ya familia nzima. Humo ndani kuna brandi, rum na bia. Mchumaji wa Kengeja au wa Donge, Muislamu, kakaribishwa mezani kwa jina la kisiwa chake, mezani kuna chakula ambacho hawezi kukitia mdomoni. Je, aliyeandika resipi alisahau? Sidhani alisahau. Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba Zanzibar inaweza kuja kula. Zanzibar ilikuwa kiungo. Na hapa ndo naomba mnishike, kama mkisahau yote ya leo hili lisiwapotee: kwenye tangazo angalia nani ni mlaji na nani ni kiungo.

Bodi hiyohiyo ilipoamua kuwaonyesha watu wa huku, maana haiwezi kusemwa hawakuwaonyesha kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 1930 walimpa mchoraji Adrian Allinson kazi ya mabango mawili ya usafirishaji Afrika Mashariki, moja mtindo wa zamani, moja mtindo mpya. Kwenye la zamani ni wapagazi, mizigo kichwani. Mpya ni magari. Kabla na baada, kama matangazo ya sabuni ya kutoa chunusi. Picha nzuri sana kwa rangi, mimi ningeiweka ukutani, lakini ujumbe wake ni kwamba mtu wa huku ndo ule "kabla".

Haya, mmechoka? Feni inafanya kazi kule nyuma? Tuendelee, mengine yanakwenda haraka.

Jambo jingine ni swali. Hakuna silaha kali kwenye tangazo kama swali, kwa sababu swali halidanganyi, swali linauliza tu. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenye sukari walikuwa na tatizo, watu wameanza kuogopa kunenepa. Wakatoa matangazo kwenye magazeti kupitia taasisi yao iitwayo Sugar Information. Moja linasema hivi, nalifasiri, "Kama sukari inanenepesha kweli, mbona watoto wengi ni wembamba?"

Mnacheka. Chekeni, lakini lisomeni tena. Kuna uongo hapo? Hakuna hata mmoja. Watoto wengi wembamba, kweli. Watoto wanapenda sukari, kweli. Wewe mwenyewe ndo unayeunganisha, jibu unalitoa kichwani mwako na jibu ulilolitoa mwenyewe utalitetea kuliko uliloambiwa. Hawakusema "sukari hainenepeshi", wangeshtakiwa. Wakauliza tu! Na mengine yalikwenda mbali zaidi, yakashauri watu wale kitu kitamu kabla ya chakula cha mchana, koni ya ice cream kwa mfano, eti sukari inakata njaa utakula kidogo. Hapo ndo waliteleza, kwa sababu huko walitoka kwenye swali wakaingia kwenye dai, na mwaka 1972 chombo cha serikali kinachosimamia biashara, FTC, kikawashukia.

Jifunzeni hapo, sio ujanja, mjifunze kuutambua. Meseji ikiingia kwenye grupu inasema "Umewahi kujiuliza kwa nini bibi zetu hawakuugua presha?" simamisha kidole kabla ya kufowadi. Kwanza nani kasema hawakuugua? Hakukuwa na mashine ya kupimia, ndo maana.

Lingine ni kuugua kwenyewe. Horlicks mnaijua, wengine mmelelewa nayo. Uingereza miaka ya 1930 Horlicks walikuwa na kinywaji cha maziwa na shayiri, kizuri, lakini utamuuziaje mtu mzima mwenye afya kinywaji cha wagonjwa? Wakabuni ugonjwa. Wakauita njaa ya usiku. Yaani wewe unalala, hujui, kumbe usiku kucha mwili wako una njaa, ndo maana unaamka umechoka, ndo maana bosi anakufokea, ndo maana mumeo anakuona mkali. Matangazo yao yalikuwa katuni, vipicha vimepangana kama hadithi: kipicha cha kwanza binti kachoka kazini, cha pili analia, cha tatu daktari anamwambia una njaa ya usiku, cha nne anakunywa kikombe, cha mwisho kapandishwa cheo. Daktari huyo ni wa kuchorwa kwa wino! Lakini watu walianza kujisikia wana njaa ya usiku. Unaamka umechoka, nani haamki amechoka?

Sasa mimi nawauliza nyie, na msininunie. Ni lebo ngapi za mdalasini humu ndani zimeandikwa "inatibu kisukari"? Manjano "inaua saratani"? Habbasoda sitaki hata kuigusa. Mnajua mnachofanya? Horlicks walibuni ugonjwa wakauza maziwa. Sisi tunachukua ugonjwa wa kweli, wenye watu wa kweli, tunauza unga wa mdalasini. Kuna mtu ataacha dawa yake ya sukari kwa lebo niliyoidizaini mimi. Siku hizi nazikataa hizo kazi, na mmoja kanifuta kwenye simu kwa sababu hiyo, sawa tu. Na tukiacha dhamiri, miongozo ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ambayo mashirika ya viwango yanaifuata hairuhusu chakula kudai kinatibu au kukinga ugonjwa, kwa hiyo mzigo wako utakamatwa. Chagueni sababu inayowauma zaidi.

Nimebakisha la picha. Nimeongea maneno sana, na picha ndo inayofanya kazi chafu zaidi kwa sababu picha haiwezi kushikwa mdomoni.

Miaka ya 1960 na 70 kampuni za maziwa ya kopo ya watoto wachanga zilikuwa zinaingia kwa nguvu Afrika, Asia na Marekani ya Kusini. Kwenye kopo na mabango, mtoto mnene, mweupe wa afya, mashavu kama mandazi. Mahospitalini wanawake waliovaa sare kama za manesi, kumbe wameajiriwa na kampuni, wanawapa wazazi sampuli ya bure. Hakuna aliyewaambia wale akina mama "maziwa yako mabaya". Picha iliwaambia. Mama anatazama mtoto wa kopo, anatazama wake aliyezaliwa juzi kakunjamana kama watoto wote wa siku tatu, anajiona yeye ndo tatizo. Sampuli ikiisha na titi limeshakauka, sasa lazima anunue, hela hakuna, anazimua kwa maji, na maji yenyewe ya kisima. Watoto walikufa kwa kuharisha na utapiamlo. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza likatoa kijitabu kuhusu jambo hilo, mwaka 1977 ukaanza Marekani mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, na mwezi wa tano 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa hayo maziwa. Kura 118 ziliunga mkono, moja ikapinga, Marekani.

Ninachotaka mkione kwenye kanuni hizo ni kitu kimoja kidogo. Zimekataza picha ya mtoto kwenye kopo. Picha! Hazikusema picha ya uongo, hazikusema picha mbaya. Mtoto yeyote mzuri haruhusiwi, wala picha au maneno yanayoyapamba hayo maziwa. Kenya nao wakatunga sheria yao mwaka 2012 kwenye mstari huohuo. Watu wazima wa nchi zaidi ya mia walikaa kitako wakakubaliana kwamba picha ya mtoto anayecheka ni dai la kiafya. Kwa hiyo ukiniambia "kaka weka tu picha yoyote nzuri", mimi sielewi yoyote ni nini.

Ngoja nichomeke moja, maana najua kuna mtu atainua mkono. Ile hadithi ya semina za masoko, kwamba kampuni fulani ya Marekani ilileta Afrika vyakula vya watoto vyenye picha ya mtoto kwenye kopo, Waafrika wakadhani ndani kuna nyama ya mtoto, hiyo ni porojo, hakuna aliyewahi kuithibitisha. Lakini oneni inavyopendwa! Imesimuliwa na maprofesa. Waafrika wanaokufa kwa sababu walielewa picha vizuri sana, hao hawasimuliwi, wanaosimuliwa ni Waafrika wa kubuni ambao hawakuelewa.

Sasa lebo zetu. Nimepita asubuhi kwenye meza hapo nje kabla hamjafika, nimetazama pakiti moja moja. Jahazi. Mlango wa Mji Mkongwe wenye misumari. Mnazi na machweo. Jahazi tena. Mlango. Jahazi na mlango pamoja, hiyo ilikuwa yangu, samahani. Chini yake "Zanzibar Spices" kwa herufi za dhahabu. Mtalii ananunua, anafurahi. Na mimi nimesimama pale najiambia, hili ndo bango la 1927. Karafuu, Zanzibar. Mtu hayupo. Kilichobadilika ni kwamba safari hii tumeliandika wenyewe.

Sisemi mweke sura za wachumaji kwenye kila pakiti, hiyo nayo ina balaa lake, utamkuta mama wa watu kachekeshwa mbele ya kamera kwa shilingi elfu tano halafu uso wake unazunguka viwanja vya ndege vyote vya Ulaya bila yeye kujua. Kama ni sura iwe kwa ridhaa na kwa malipo, na aione pakiti yake. Mimi napenda zaidi maneno. Andika karafuu imetoka shehia gani. Andika msimu gani imevunwa. Andika imeanikwa juani kwenye jamvi au sakafu, kwa sababu mpishi anayejua viungo anataka kujua hilo, na mpinzani wako anayenunua mzigo uliochanganywa na makonyo hawezi kuliandika. Hayo maelezo ndo bodi ya London iliyafuta, na hayo ndo mliyonayo nyie na hakuna mwenye duka la jumla Rotterdam anayeweza kuwaiga.

Mama mmoja hapa ananiuliza, nafasi iko wapi, pakiti yenyewe ya gramu hamsini? Swali zuri. Toa jahazi. Jahazi linakula theluthi ya lebo nzima na halijasaidia kitu. Mwingine anauliza, mzungu akisoma "Mtambwe" ataelewa nini? Hataelewa, kama yeye alivyokuwa haelewi "Darjeeling" mpaka waliomuuzia chai walipomzoesha. Na yule kijana anasema hotelini wanataka jahazi, bila jahazi hawachukui. Hapo kweli nakubali ni kazi, mteja wa hoteli ni wa hoteli. Mfanyie pakiti mbili, ya hoteli na ya wapishi, uone baada ya msimu ipi inaagizwa mara ya pili.

Haya tukunywe chai, tukirudi kila mtu aje na pakiti yake moja na kalamu ya wino mwekundu. Tunaanza na wale walioandika "inatibu". Najua mko wapi.